Kwa nini mfumo wa Mwaloni unaendeshwa na Tomcat

Tangu mfumo wetu wa kufuatilia magunia ya dagaa uanze kazi pale sokoni Mwaloni, Kirumba, Mwanza, kila nikikutana na fundi mwenzangu ananiuliza jambo lile lile: kwa nini seva yake ya programu ni Tomcat? Mmoja aliniuliza tukisubiri daladala Buzuruga, mwingine alinipigia simu kutoka Dar. Wanaona tumechukua kitu cha kizamani, au kitu kidogo mno kwa kazi yenye pesa za watu. Nimeona niandike kwa kirefu, maana uamuzi huu tuliukalia vikao na ninaamini unawahusu wengi wanaotengeneza mifumo kwa ajili ya watu wa kandokando ya ziwa hili la Viktoria.

Kazi yenyewe ni hii. Kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa kilitaka kuachana na madaftari. Mzigo unashuka kutoka Ukerewe, Ukara, Kome, Goziba na visiwa vingine. Unapimwa, linaandikwa jina la mwenye mali, unaingia ghalani, halafu unauzwa kwa wanunuzi wa hapa nchini na wale wa Kongo, Rwanda na Burundi. Kati ya kushushwa na kuuzwa kuna mambo mengi: gunia lililolowa njiani likashuka bei, mwenye mali aliyechukua fedha kabla ya mauzo, ushuru, ujira wa wapakuaji, kodi ya ghala. Daftari likipotea, ugomvi wake hauishi mwaka huo. Mfumo wetu unalifuata gunia tangu linapotoka kwenye boti mpaka fedha zinapomfikia mwenyewe, na kila hatua inamfikia kwa ujumbe mfupi kwenye simu yake huko kisiwani. Tumeuandika kwa lugha ya programu ya Java, hifadhidata ni PostgreSQL, na makarani wanatumia kivinjari kwenye simu zao na kwenye kompyuta chache zilizounganishwa kwa mtandao wa ndani wa ghala.

Java tuliichagua kwa sababu mimi na mwenzangu ndiyo tunayoijua vilivyo, na hapo nusu ya jambo la seva ilikuwa imekwisha amuliwa. Mtu wa Python angekuwa anaongea habari za Gunicorn, wa Ruby habari za Puma, wa PHP habari za PHP-FPM. Sina ugomvi na yeyote kati yao.

Kwa wasiozoea mambo haya, seva ya programu ndiyo inayokaa kati ya mtandao na msimbo wako. Karani akibonyeza "Hifadhi", ombi lake linafikia seva kwanza. Seva inalisoma, inalipangia thredi (mkondo wa kazi) ya kulihudumia, inatambua kwamba huyu ndiye yule aliyeingia asubuhi kwa nywila yake, inaukabidhi msimbo kazi, kisha inalichukua jibu na kumrudishia. Ni hapo hapo pia miunganisho ya hifadhidata hutunzwa, ili kila ombi lisianze kufungua muunganisho wake upya. Ukisema uyaandike haya yote mwenyewe utazeeka kabla hujaandika hata mstari mmoja unaohusu dagaa.

Kwenye Java seva hizi ziko za aina mbili, na hapa ndipo ninapoona watu wakichanganya. Kuna zile zinazobeba sevleti (vijiprogramu vya Java vinavyojibu maombi) na kurasa tu: Tomcat na Jetty ndizo maarufu. Kuna zile kamili, zinazotimiza vipimo vyote vya Jakarta EE, kanuni za pamoja za mifumo mikubwa ya Java: WildFly, GlassFish, Payara, Open Liberty. Hizi kamili zinakuja na foleni za ujumbe, miamala inayoshika hifadhidata zaidi ya moja kwa pamoja, kazi za usiku, na mengine mengi. Katikati kuna TomEE, ambayo ni Tomcat iliyoongezewa sehemu za Jakarta EE juu yake. Ukimwuliza mtu ipi ni bora bila kumwambia kazi yako inahitaji nini, atakutajia anayoijua yeye.

Sisi tulianza kwa kuorodhesha mahitaji kwenye karatasi kabla ya kupakua chochote. Kuingia kwa nywila. Kurasa za kupokea mzigo, kuuza, kulipa. Hifadhidata moja, tena iko kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ripoti za jioni. Ujumbe mfupi. Huo ujumbe mfupi ndio uliotusimamisha, kwa sababu mwenzangu alisema hapo tunahitaji foleni ya ujumbe, na seva kamili tayari inayo. Tulibishana jioni nzima. Tulichokubaliana ni kwamba ujumbe unaandikwa kwanza kwenye jedwali la PostgreSQL, ndani ya muamala ule ule unaoandika gunia. Kisha kuna kazi ndogo inayoamka kila baada ya muda mfupi, inaangalia jedwali, inatuma ambao haujatumwa na kuuwekea alama. Mtandao wa simu ukiwa mbovu, ujumbe unasubiri jedwalini. Umeme ukikatika katikati, gunia na ujumbe wake vimeandikwa vyote au havikuandikwa hata kimoja. Kwa wingi wa kazi ya ghala moja, njia hiyo inatosha na kubaki.

Baada ya hapo hatukuwa tena na sababu ya kuchukua seva kamili. Hata hivyo tuliijaribu WildFly kwa haki kabisa, kwa sababu naiheshimu. Inawaka haraka kuliko watu wanavyodhani, ukurasa wake wa usimamizi umepangwa vizuri, na kusimika programu juu yake ni jambo la dakika. Lakini upakuaji wake unapita megabaiti 200, wakati Tomcat ni megabaiti kumi na kitu. Kwa mtu mwenye intaneti ya waya ofisini hilo si neno. Kwa anayesasisha seva kwa bando la simu yake, ndilo linaloamua kama atasasisha leo au ataahirisha mpaka mwezi ujao, na seva isiyosasishwa ni hatari kwa fedha za watu.

Na hapa nafika kwenye jambo lililonitawala tangu mwanzo. Sisi ni wawili na tuna wateja wengine. Hatuwezi kukaa Kirumba. Anayekaa pale ni kijana wa ghala, aliyesomea kompyuta ngazi ya cheti, makini, anayeandika kila kitu kwenye daftari lake dogo. Usiku mfumo ukigoma huku boti ziko kwenye foleni ya kushusha, yeye ndiye atakayekuwa amesimama mbele ya mashine. Kwa hiyo nilijiwekea kipimo: chochote tutakachokiweka chini ya msimbo wetu, niweze kumweleza kijana huyu kwa alasiri moja, faili likiwa wazi mbele yetu, mpaka aweze kunirudishia maelezo hayo kwa maneno yake.

Tulikaa naye pembeni ya mizani, mzigo wa asubuhi ukiwa umeshaisha. Nikafungua server.xml ya Tomcat. Ukiondoa maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya msomaji, ni faili fupi sana. Nikamwonyesha mstari wa Connector wenye poti 8080: huu ndio mlango wanaoingilia makarani. Nyuma yake kuna Engine, inayopokea maombi na kuyagawa. Ndani ya Engine kuna Host, jina la mahali. Ndani ya Host kuna programu yetu, yote ikiwa imefungwa katika faili moja la WAR kwenye folda ya webapps. Kisha logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya seva, catalina.out, na jinsi ya kuitazama ikiandikwa papo hapo. Aliandika, akafuta, akauliza kwa nini poti ni 8080 na si 80. Nikamweleza kwamba kwenye Linux poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida zinataka mamlaka ya msimamizi mkuu, na hatutaki seva iendeshwe kwa mamlaka hayo, kwa sababu mtu mbaya akiingia kupitia seva ataingia nayo. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo dada, hata mimi nisiiwashe kama msimamizi mkuu?" Hata wewe. Nilijua pale pale kwamba tumepata seva yetu.

Wapo watakaosema: kama ni wepesi unautafuta, si ungetumia Spring Boot, zana ya kujengea programu za Java, Tomcat ikae ndani ya programu yenyewe? Ni njia nzuri na kwa wateja wengine ndiyo tunayoitumia. Ila kwa Mwaloni tulitaka seva na programu viwe mbali mbali kwa makusudi. Seva ikiwa ndani ya programu, kila kiraka cha usalama cha Tomcat kinatutaka sisi tuijenge programu upya na kuipeleka. Zikiwa mbali mbali, kijana anabadilisha seva bila kugusa msimbo wetu. Tomcat inakuruhusu kutenganisha folda mbili: CATALINA_HOME, yenye seva kama ilivyotoka kwa watengenezaji, na CATALINA_BASE, yenye mipangilio yetu, programu yetu na logi zetu. Toleo jipya likitoka, analipakua, analinganisha alama ya SHA-512, inayoonyesha kama faili limebadilika, na ile iliyo kwenye tovuti ya mradi, analifungua kwenye folda yake, anageuza kiungo kimoja kinachoelekeza kwenye folda ya seva, anawasha upya. Likileta shida anakirudisha kiungo kwenye folda ya zamani. Ukiwa na matoleo mawili yanayofuatana huhitaji kunakili mipangilio kwa mkono, ila unasoma maelezo ya toleo kwanza kuona kama kuna kilichobadilika.

Sasa niseme la wamiliki wa miradi hii, ambalo wengi hawaliangalii kabisa. Kitu kuwa huria, yaani msimbo wake kuwa wazi kwa wote, hakukuhakikishii kwamba kesho kitakuwa na watu wa kukitunza. Lazima uulize nani anakishika, na akichoka itakuwaje. Tazama GlassFish. Ilikuwa mali ya Sun Microsystems, ndiyo seva ya mfano ya Java EE (jina la zamani la Jakarta EE), na waliosoma Java miaka ile wengi wamefundishwa nayo. Mwaka 2010 Oracle ikainunua Sun. Novemba 2013 Oracle ikatangaza kwamba haitaendelea kuuza huduma ya kibiashara kwa GlassFish. Msimbo ulibaki huria, hakuna aliyeufuta, lakini aliyekuwa ameitegemea kwa kazi ya fedha alibaki anaangalia huku na huku. Ndipo wengine wakaanzisha Payara, mwaka 2014, kutokana na msimbo huo huo. Baadaye GlassFish yenyewe ilihamia Eclipse Foundation na mpaka leo ipo. Kwa hiyo uhuria uliwaokoa, ila uliwaokoa wenye nguvu ya kuhama au kuendeleza wenyewe. Kikundi cha wauza dagaa hakina nguvu hiyo.

WildFly nayo ina hadithi yake. Ilianza kwa jina la JBoss mwaka 1999, Red Hat ikainunua kampuni yake mwaka 2006, na jina la WildFly likachaguliwa mwaka 2013 ili toleo la wazi litofautiane na lile la kulipia, JBoss EAP. Mwaka 2019 Red Hat yenyewe ikanunuliwa na IBM. Mradi unaendelea vizuri na una watu hodari, lakini kwa miaka mingi mwelekeo wake ulikuwa na kampuni moja nyuma yake. Tomcat ilitoka Sun pia, ikakabidhiwa Apache mwaka 1999, na tangu hapo iko chini ya Apache Software Foundation, taasisi isiyo ya kibiashara, wachangiaji wakitoka kwenye kampuni mbalimbali. Jetty, iliyoanza 1995, iko Eclipse tangu 2009. Mimi nilitaka kitu ambacho kampuni moja ikibadili mawazo, Kirumba wasijue hata kama kuna kilichotokea.

Katibu wa kikundi, mama wa makamo anayejua bei ya kila gunia kwa kulitazama tu, yeye alikuwa na swali la leseni, ingawa hakuliita hivyo. Siku tuliyopeleka mchanganuo wa gharama alipitisha kidole kwenye karatasi mpaka kwenye mstari wa seva, akaona sifuri.

"Mwanangu, hiki ni cha bure?"

"Ndiyo, mama."

"Na tukishakizoea, mwenyewe hatakuja kudai?"

Nilifurahi sana kuulizwa, kwa sababu kuna wenye shahada wasiouliza. Nikamsomea leseni ya Apache, toleo la 2.0, nikiitafsiri palepale: ruhusa ni ya kudumu, ya dunia nzima, haina malipo, na haiwezi kufutwa. Unaweza kutumia, kubadilisha, hata kuuza ulichokijenga juu yake. Ukiisambaza unapaswa kuacha maandishi ya leseni na majina ya wenye haki. Ruhusa hiyo inagusa pia hataza (haki za uvumbuzi) za waliochangia, na inakoma upande huo kama wewe ndiye utakayewafungulia wenzako kesi ya hataza kuhusu programu hiyo. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akataka kujua kama fedha iliyookolewa hapo inaweza kwenda kwenye betri na sola ya chumba cha mashine. Ilikwenda huko, na ndiyo matumizi bora kuliko yote yaliyomo kwenye ile karatasi.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani ya mtumba yenye GB 8 za RAM. Nataja hili kwa sababu watu wakisikia Java wanafikiria mashine kubwa. Usipoiambia kitu, Java inajiwekea ukomo wa heap, sehemu ya kumbukumbu inayoitumia, wa karibu robo ya RAM yote, yaani GB 2 hivi kwenye mashine hii. Sisi tumeandika kwenye setenv.sh ianze na megabaiti 512 na isizidi GB 1, ili PostgreSQL na mfumo endeshi vipate nafasi ya kutosha. Tuliipiga kwa JMeter, zana ya kupimia seva, tukaigiza makarani wengi kuliko watakaowahi kuwapo ghalani, haikuyumba.

Kuna sehemu moja inayotaka macho, na haimo kwenye mafunzo ya haraka haraka. Tomcat kwa kawaida inaruhusu thredi 200 za kuhudumia maombi. PostgreSQL kwa kawaida inakubali miunganisho 100. Ukiacha kila ombi lifungue muunganisho wake, siku ya mzigo mkubwa maombi yatakataliwa na hifadhidata wakati seva yenyewe bado ina nafasi tele, na utabaki unalaumu mtandao. Dawa yake ni hodhi ya miunganisho, yaani miunganisho michache inayokaa wazi na kutumiwa kwa zamu: sisi tumeiwekea ukomo wa 20, thredi tukazishusha ziwe 60. Ombi likikuta miunganisho yote inatumika, linasubiri kidogo na kuhudumiwa, karani anaona ukurasa umechelewa sekunde badala ya kuona kosa. Kipindi cha kukaa bila kufanya lolote kabla ya kutolewa kwenye mfumo, ambacho kwa kawaida ni dakika 30, nacho tumekipunguza, maana simu za makarani huachwa juu ya magunia.

Mzigo wa kazi kwenye seva hii unafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, taa hazivuti tena kitu, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo siku za giza, boti zikishakausha mzigo wao visiwani, magunia yanamiminika Kirumba na seva haipumui. Siku za mbalamwezi grafu inalala. Mwanzoni kalenda yetu ya matengenezo ilikuwa ya Jumapili, kama wanavyofanya ofisini mjini. Kijana ndiye aliyetushauri tuifuate kalenda ya wavuvi, na sasa kila kazi ya kuzima seva, kusasisha toleo, kujaribu kurejesha nakala rudufu, inafanywa mbalamwezi. Sijaona mwongozo wowote wa seva wenye ushauri huo na kwa ziwa hili sijui ulio bora zaidi. Mzigo wa upande wa Sengerema kidogo umeanza kuvuruga mpangilio: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, gari halipangi tena foleni ya kivuko, linaweza kutokea ghalani saa usiyoitarajia.

Umeme ukikatika na betri zikaisha, tunataka mashine irudi yenyewe bila kusubiri mtu. BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, imewekwa iwashe mashine umeme unaporudi, na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, inaianzisha PostgreSQL kwanza kisha Tomcat. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye logi yake kabla ya kuligusa jedwali, kwa hiyo ikizimika ghafla inasoma logi hiyo na kujipanga sawa kabla ya kupokea mtu.

La usalama nalisema kwa msisitizo. Februari 2020 ulitangazwa udhaifu uliopewa jina la Ghostcat. Tomcat ilikuwa inakuja na mlango wa pili, poti 8009, wa itifaki ya AJP, uliowashwa bila mtu kuuomba. Aliyeweza kuufikia aliweza kusoma mafaili yaliyo ndani ya programu, yakiwamo yenye nywila za hifadhidata. Marekebisho yalitoka kwenye matoleo 7.0.100, 8.5.51 na 9.0.31, na tangu hapo mlango huo unakuja umefungwa. Ukikuta mahali Tomcat ya zamani inaendelea kufanya kazi kwa sababu "haijawahi kusumbua", angalia kwanza poti hiyo. Mfululizo wa 8.5 wenyewe uliacha kupata viraka Machi 2024. Na zile programu za mfano na za usimamizi zinazokuja kwenye folda ya webapps, sisi tuliziondoa zote kabla ya mashine kuunganishwa na mtandao wowote.

Tulianza moja kwa moja na Tomcat 10.1, na hili linawatesa wengi wanaohama kutoka ya 9. Java EE ilipotoka Oracle kwenda Eclipse iligeuka kuwa Jakarta EE, na kwa kuwa Oracle ilibaki na haki za jina, vifurushi vyake vya msimbo vilivyoanza na javax vilibidi vianze na jakarta. Badiliko hilo liliingia na Jakarta EE 9, Desemba 2020. Kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa ajili ya Tomcat 9 haiwezi kuwaka kwenye Tomcat 10 kama ilivyo. Ukiwa na programu ya zamani ambayo huna muda wa kuiandika upya, tengeneza folda iitwayo webapps-javaee na kuweka WAR yako humo; Tomcat 10 itaibadilisha yenyewe na kuipeleka webapps. Nimeona ikifanya kazi vizuri kwa programu za kawaida. Ila ukianza mradi mpya leo, anza na jakarta, na hakikisha kila maktaba ya msimbo unayoitumia imeshahama.

Sababu nyingine ni ya watu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika hapa nchini, umezoeleka kusimikwa kwa Tomcat na PostgreSQL. OpenMRS nayo hukaa juu ya Tomcat. Maana yake wapo mafundi waliopita kwenye takwimu za afya ambao wanaijua seva hii kwa mikono. Mimi na mwenzangu tukipata udhuru wote wawili, kikundi kinaweza kumpata mtu wa kukishika mkono bila kumtafuta mbali.

Je, nisingeichukua Tomcat lini? Kama muamala mmoja ungelazimika kugusa hifadhidata mbili na kufaulu zote au kushindwa zote, ningechukua WildFly au Open Liberty bila kusita. Vivyo hivyo kama kikundi kingekuwa na maghala Musoma na Bukoba yanayopeana ujumbe mfululizo. Ningetafuta pia fedha ya kumwajiri mtu wa kuisimamia seva hiyo peke yake, na ningemweleza katibu wazi kwamba hiyo ni sehemu ya bei.

Mbalamwezi iliyopita kijana alisasisha seva mwenyewe, mimi nikiwa Nyakato kwa mteja mwingine. Alinitumia picha ya logi ikiwa imeandika kwamba seva imewaka, na chini yake swali: "Dada, kule mwanzoni mwa server.xml kuna poti 8005 na neno SHUTDOWN. Hii nayo ni mlango?" Nikamjibu kwamba ni mlango, programu yoyote iliyo ndani ya mashine ile inaweza kuuandikia neno hilo na kuizima seva, na kwa kuwa sisi tunazima kwa systemd tunaweza kuufunga kwa kuandika -1 mahali pa namba. Akaandika, akawasha upya, akanitumia picha nyingine.